Nahema kama bibi kizee, na kifua wasema kizima

Shangazi, asalaam aleikum, na shikamoo.

Barua hii naianza nikiwa nimekaa kwenye ngazi za duka la mtu, katikati ya ule mlima wa feri ya Likoni, upande wa kisiwani Mombasa. Sikukaa kwa kupenda. Mwaka juzi mlima huu nilikuwa naupanda mbio, buibui nimelikunja mkononi, niwahi kufungua duka kabla mjomba hajafika. Sasa naupanda kwa vituo vitatu. Leo hamali mmoja kasimamisha mkokoteni wake wa madafu, akaniambia, "Mama, panda nikusukume." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Nina miaka 38, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka 9. Nauza leso katika duka la mjomba wangu, Biashara Street. Kazi si ya sulubu, mauzo na kuandika daftari la madeni, ila kuna kushusha korja, yale mafungu ya leso, kutoka rafu za juu, na kila nikiishusha moja moyo wanipiga hadi nausikia masikioni. Jioni nikifika nyumbani nalala na viatu. Mume wangu mwanzo alinionea huruma. Siku hizi akikuta sufuria hazijaoshwa husema, "Umezoea kulala wewe."

Kifua nimetibiwa mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa ni vumbi la vitambaa, nikapewa dawa ya kikohozi na mimi wala sikohoi. Mara ya pili, kliniki nyingine, wakasema ni pumu, nikapewa ile dawa ya kuvuta mdomoni. Naivuta, sioni tofauti. Mara ya tatu nikapigwa eksirei, mapafu safi. Nikabanwa kidole na kile kidude chenye taa, kikasoma 98, na daktari akanitania kuwa oksijeni yangu ni nzuri kuliko yake. Nikarudi nyumbani nahema. Mamangu akasema basi haya si ya hospitali. Tukaenda nikasomewa, nikanywa kombe siku 7. Moyo ulitulia, sitakataa. Mlima wa feri uko pale pale.

Aliyeniambia nikuandikie ni wifi yangu. Yeye ana uvimbe wa fibroidi kwenye kizazi, na asema naye alikuwa akihema hivi hivi. Mimi nikamcheka. Kizazi na kifua vimekutana wapi? Ni kweli hedhi yangu ni nzito, lakini kwetu ni hivyo, mamangu na khaloo zangu wote walikuwa hivyo. Zamani ilikuwa siku 5, sasa yafika 9 au 10. Siku ya pili na ya tatu navaa pedi mbili pamoja, na juu yake kipande cha leso kuukuu, na bado kwenye feri sikai, nasimama, kwa kuogopa kuchafua. Yatoka mabonge. Tumbo nalo limejaa chini ya kitovu, gumu, hata wateja waniuliza ni miezi mingapi, na mamamkwe ameshaanza kutaja majina. Nimepima mimba mara mbili, hakuna. Haja ndogo ndiyo hainipi nafasi kabisa.

Na jambo jengine, sijui kama lahusu: nimekuwa mlevi wa barafu. Muuza juisi wa jirani huniwekea kikombe cha vipande vitupu, natafuna asubuhi hadi adhuhuri.

Je, wifi asema kweli? Na kama ni kweli, ndio nikatolewe kizazi, na sisi bado twataka mtoto?

Mhemaji wa Mlima wa Feri, Likoni

---

Wa aleikum salaam mwanangu, na marahaba.

Wifi yako mtake radhi. Mimi tumbo lako sijalishika na hakuna anayepima damu kwa barua, lakini yako ningeisoma kuanzia mwisho: barafu, mabonge, pedi mbili na kipande cha leso. Kifua ningekifikia baadaye sana. Watu watatu wamekutibu pumzi, na kwa ulivyoandika hakuna hata mmoja aliyekuuliza wabadilisha pedi ngapi.

Kizazi na kifua vyakutana kwenye damu. Mchukue yule yule hamali aliyekutania. Meli yaweza kuwa imefunga gati Kilindini, shehena tele, lakini kama vya kuibebea ni haba, maduka mjini yatakaa matupu. Mapafu yako ndiyo gati, na hewa yaingia kama kawaida. Mkokoteni ni himoglobini, ule wekundu ulio ndani ya chembe za damu, ndio unaobeba oksijeni kuipeleka kwenye misuli, moyo na ubongo. Huundwa kwa madini ya chuma. Damu ikikutoka nyingi kila mwezi, chuma chatoka nayo, na mwili hukosa cha kuundia mikokoteni mipya. Ile michache iliyobaki yalazimika kukimbia, ndio huko kusikia moyo masikioni ukishusha korja. Ukikaa chini yatosha. Ukianza mlima, miguu yataka oksijeni zaidi, haifiki kwa wakati, nawe wahema.

Ile 98 haikudanganya, iliulizwa swali jengine. Kile kidude cha kidoleni husoma mikokoteni iliyopo imejaa kiasi gani kwa mia, lakini idadi yake hakiioni. Mtu aliyebaki na nusu ya himoglobini yake, maadamu mapafu ni mazima, atasoma 98 na 99 kama mchezaji mpira. Kwa hiyo waliokuambia kifua kizima hawakukosea. Walikosea kusimama hapo.

Sasa, wewe ni mtu wa daftari la madeni, hesabu hii utaielewa. Hedhi ya kawaida, mwanzo hadi mwisho, hutoa kama mililita 30 hadi 40. Kile kikombe kidogo cha kahawa chungu hakijai. Ikipita 80 yahesabiwa nzito. Kila mililita ya damu nzima ina kama nusu miligramu ya chuma, na mwili kwa chakula cha kila siku hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu, ambazo nyingi zina matumizi yake tayari. Tuseme wapoteza mililita 200, na kwa hizo pedi zako silioni jambo la ajabu: ni miligramu 100 kwa mwezi mmoja. Mapato ya mwezi mzima hayalipi, na kabla hujalipa mwezi mwengine umeingia. Deni lapanda polepole mno, mwili nao wazoea, na ndiyo maana wako wanawake wanaopika, wanaouza, wanaovuka feri, na damu iliyobaki ni nusu. Mwili ungeangushwa kwa siku moja ungepiga kelele. Ukichotwa kidogo kidogo hulala na viatu.

Barafu nayo yahusu, tena sana. Hamu ya kutafuna visivyo chakula, barafu, udongo, mchele mbichi, ni dalili ya zamani ya kupungukiwa na chuma. Wazee wetu hali hii ya kukosa damu wakiiita safura, na mla udongo walimjua kwa kumtazama. Siku hizi twamcheka tu, na kumuongezea kikombe.

Hili la "kwetu ni hivyo" ndilo lililonikera kidogo, si kwako, ni kwetu sote. Mamako, khaloo zako, wewe: fibroidi hutembea katika ukoo. Badala ya kukutuliza, neno hilo lingekuamsha. Twarithi pete na vyombo, na uvimbe twaurithi, kisha twauita desturi.

Fibroidi ni uvimbe wa nyama ya kizazi chenyewe, na kwa nadra sana huwa saratani. Huwapata wanawake weusi wengi kuliko wengine, mapema zaidi na kwa ukubwa zaidi, na hulishwa na homoni za uzazi, ndiyo maana hedhi ikikatika utu uzimani nazo husinyaa. Aweza mtu kuwa nazo maisha yake yote asijue. Matata yategemea zimeota wapi. Iliyoota ukutani kuelekea nje huweza kuwa kubwa bila kumwaga damu. Iliyochomoza kuelekea ndani, penye utando unaotoka kila mwezi, hata ikiwa ndogo kama kunazi, yaweza kukumwaga damu ya kutisha. Hilo gumu chini ya kitovu na haja ndogo isiyokupa nafasi vyasema kuna kitu kimelala juu ya kibofu.

Labda wajiuliza kama uvimbe wenyewe ndio unaokusukuma mbavu. Yatokea. Kizazi hupimwa kwa mfano wa mimba. Kikiwa kama cha wiki 20 kiko usawa wa kitovu, na kikipanda juu zaidi kufikia mbavu, kiwambo cha pumzi, ule msuli ulio chini ya mapafu, hukosa pa kushukia, mtu hubanwa akilala chali au akishiba. Wewe tumbo lako, kwa ulivyoeleza, halijapita kitovu, na waishiwa pumzi ukipanda, hukusema ukilala. Mimi nasema ni damu. Lakini usichukue neno langu, chukua namba.

Namba ya kwanza ni himoglobini. Usivuke feri kwa hilo, maabara yoyote huko Likoni watapima damu nzima. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 amepungukiwa, chini ya 8 ni upungufu mkali. Omba na feritini, inayoonyesha akiba ya chuma iliyobaki ghalani. Kwetu Pwani feritini ina kazi ya ziada, kwa sababu wengi tumerithi talasemia ndogo, hitilafu ya damu isiyodhuru ambayo nayo huzifanya chembe za damu zionekane ndogo na kufifia, na mtu asipotazama akiba aweza kunywa chuma cha bure. Kisha picha ya tumbo, yaani altrasaundi, ionyeshe kizazi kina uvimbe ngapi, wapi, ukubwa gani. Ukiwa na karatasi hizo ndipo uombe barua ya kwenda kumuona daktari wa wanawake, hospitali ya Makadara au kwengine utakakomudu. Ulizia na minyoo, kwani wale wa safura hunyonya damu kimyakimya. Na kama uliwahi kuwekewa kizazini koili ya shaba ya kuzuia mimba, sema. Huongeza hedhi.

Wakikuthibitisha, matibabu yana njia mbili zinazokwenda pamoja, kulipa deni na kuziba tundu. Ukilipa bila kuziba wateka maji kwa pakacha.

Kulipa ni vidonge vya chuma. Wengi huviacha kwa kuwa vyafunga choo na kukigeuza kuwa cheusi. Weusi usikutishe, ni chuma kilichobaki. Siku hizi madaktari wengi hutoa kidonge kimoja kwa siku, au siku moja kwa kuruka moja, kwani mwili ukijazwa sana hufunga mlango. Kimeze kwa maji ya ndimu au juisi ya machungwa, na hapa ndipo nitakapokukosanisha na Mombasa nzima: si kwa chai. Chai na kahawa huzuia chuma kisifyonzwe, nasi twanywa chai na mahamri kwa mbaazi alfajiri, chai saa nne, chai alasiri. Sikwambii uache. Weka saa moja au mbili kati ya chai na kidonge, na kati ya chai na chakula chenye chuma. Maini, nyama nyekundu na dagaa vina chuma kinachoingia mwilini kwa wepesi. Mchicha na kunde nazo zasaidia, kamulia ndimu. Bitiruti inywe kwa utamu wake. Wekundu wake si damu, na chuma chake ni kidogo. Ukianza vidonge, tamaa ya barafu ndiyo huenda ikakuacha kwanza. Pumzi hurudi kwa wiki kadhaa. Namba ikifika sawa endelea miezi kama 3 zaidi ili ghala lijae. Kama namba iko chini mno, au vidonge havikai tumboni, kuna chuma cha mshipani, na kuna kuongezewa damu. Huamuliwa hospitali.

Kuziba tundu ndipo penye swali lako. La, fibroidi si tiketi ya kutolewa kizazi. Kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki vya kumeza siku zile nzito tu, vyapunguza damu na havizuii mimba. Kuna koili yenye homoni, ambayo hupunguza hedhi sana, lakini hiyo ni uzazi wa mpango, haikufai ukiwa wataka mtoto mwaka huu, na kizazi kilichopinda kwa uvimbe huenda kisiikubali. Kuna upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuacha kizazi, na hiyo ndiyo hupewa mwanamke anayetaka kuzaa. Ukubali kwamba uvimbe waweza kuota tena miaka ya mbele, na kwamba baada ya upasuaji huo daktari aweza kukushauri ujifungue kwa kisu. Kutoa kizazi chote ndiyo njia pekee isiyorudisha uvimbe, na kwa mama aliyekwisha kuzaa huwa ni faraja kubwa. Siyo zamu yako sasa. Lakini miaka 38 si 25, usikae mwaka mzima ukifikiri. Na upasuaji wowote wataka damu iwe imepanda kwanza, kwa hivyo vidonge haviepukiki.

Utauziwa dawa za kuyeyusha fibroidi, za chupa na za kuweka chini, ukeni. Sijaona hata moja iliyoyeyusha. Za kuweka chini nimeona zikiunguza.

Usingoje miadi, nenda usiku huo huo, ukipatwa na haya: pumzi kukatika ghafla, kifua kuuma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kwani uvimbe mkubwa ukikandamiza mishipa damu yaweza kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Au kuhema ukiwa umekaa tu, kuzimia, au kulowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa. Na kama kifua chakuuma upande mmoja kila ukiingia mwezini, zaidi wa kulia, mwambie daktari neno hilo hilo. Kuna ugonjwa mwengine, endometriosisi, ambapo utando wa mfano wa kizazi hukua hadi kwenye kiwambo cha pumzi na pafu huweza kusinyaa siku za hedhi. Wako haufanani na huo, ila nimeona nisiuruke.

Kombe na kusomewa sikukatazi, moyo uliotulia ni nusu ya safari. La siku 9 na 10 na sala, muulize mwalimu wako, ingawa kwa madhehebu yetu ya Shafi hazijapita ukomo wa 15. Mumeo msomee barua hii, hasa pale penye nusu ya himoglobini, kisha mpe sufuria.

Hedhi ijayo toa ukurasa mmoja kwenye daftari la madeni. Kila siku andika pedi ngapi, zimelowa nusu au zote, mabonge makubwa kama nini, umeamka usiku mara ngapi. Juu yake andika hivi: "Nina miaka 38. Hedhi siku 10. Navaa pedi mbili kwa pamoja na nguo juu yake. Natafuna barafu. Tumbo gumu chini ya kitovu, mimba hakuna. Naishiwa pumzi nikipanda. Naomba kupimwa himoglobini, feritini na kupigwa altrasaundi ya kizazi." Ukurasa huo mpe daktari mkononi unapoingia tu, kabla hajatia vile vyombo masikioni.